Nani Atamkumbusha?

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa kazi ambayo sikuwahi kulipwa. Ndiyo, inawezekana!

Miaka ishirini na moja nimekaa kwenye kile kiti kifupi nyuma ya pazia la kushoto, mswada mapajani, tochi mkononi, nikiwanong'onezea waigizaji waliosahau maneno. Mkumbushaji, ndicho cheo changu. Mchana natoa fotokopi dukani, jioni naokoa watu wazima wasiaibike. Bila mimi kikundi chetu kingekuwa watu waliosimama jukwaani wakiangaliana tu.

Leo Mwongozaji, mwalimu mstaafu wa muziki mwenye sauti ya kengele ya shule, ametangaza kwamba mchezo wetu mpya wa nyimbo utarekodiwa. Unaitwa "Chunusi za Kwanza". Vijana wanamaliza shule, wanapendana, wanagombana na wazazi, wanaimba. Kamera tatu! Jumamosi ya tarehe 15 mbele ya watazamaji, na kesho yake ukumbi ukiwa mtupu, ili wapige picha nyuso kwa karibu. Kisha vipande vyote vinaunganishwa, inakuwa filamu. Nikapiga makofi kuliko wote.

Halafu akasema, kwa kuwa maikrofoni zitakuwa kila mahali, safari hii hakuna mkumbushaji.

Ala!

Aliyenichongea ni yule kijana wa kurekodi sauti. Nimembandika jina la Masikio, maana havui hedifoni hata akienda msalani. Eti alinipima wakati wa mazoezi, na humo masikioni mwake mnong'ono wangu ni kama mbuzi anatafuna gazeti. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Binti yangu naye alicheka. Damu yangu mwenyewe!

Na ni yeye ninayemhangaikia. Ana miaka kumi na minane, ndiye mhusika mkuu, msichana anayeaga kwao. Sehemu ya pili ana wimbo wake peke yake. Muziki unakatika, anatakiwa kusema, "Baba, mimi si mtoto tena," kisha anaingia ubeti wa mwisho. Mazoezi matatu, mara tatu amekwama hapo hapo. Mara tatu nimemwokoa. Na rekodi ya wimbo huo ndiyo atakayoipeleka chuo cha sanaa. Wanachukua watu kumi na wawili tu, kila baada ya miaka mitatu, mwisho wa kupokea ni tarehe 20 mwezi huu. Hawataki video ya sebuleni, wanataka onyesho la jukwaani. Akikwama siku ya kamera, basi tena.

Nani atamkumbusha? Masikio?

Siendi popote.


Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: nguvu ya umma. Nimeandika ombi kwa mkono wangu, kwa heshima zote, kwamba sisi tuliotia saini hapa chini tunamthamini mkumbushaji wetu na tunatambua mchango wake wa miaka ishirini na moja. Sikutaka kuanza kwa ukali, ukali niliuweka ukurasa wa pili. Vijana wote kumi na mmoja wametia saini. Wengine wamechora na maua. Nikamkabidhi Mwongozaji mbele ya watu ili asipate pa kukimbilia.

Akasoma ukurasa wa kwanza. Machozi yakamlengalenga. Akasema hakujua vijana wa siku hizi wana moyo wa shukrani namna hii, akaita watu wasogee, akatoa hotuba ya dakika kumi kuhusu utumishi wangu. Wakaniimbia. Mmoja akakimbilia ofisini akarudi na saa ya ukutani, wakanikabidhi wamenizunguka. Ukurasa wa pili ulikuwa chini ya saa.

Kwa ufupi, nimeagwa rasmi. Kwa ombi langu mwenyewe.

Mke wangu ameuliza saa imetoka wapi. Nimemwambia ni mambo marefu. Yeye ni mkunga, amezoea kusubiri, akaketi kusubiri. Ikabidi nieleze. Amecheka hadi akaomba maji.


Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili. Wamekataza sauti? Sawa. Hawajakataza maandishi! Duka la fotokopi lina karatasi kubwa na kalamu nene. Nimeandika kila mstari mgumu wa mchezo kwenye karatasi yake, herufi kubwa kama za kuuza kiwanja. Karatasi arobaini na tatu. Nikakaa mstari wa mbele, mtazamaji wa kawaida, raia huru mwenye karatasi zake.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nilipopiga chafya.

Zilianguka zote. Nikaziokota haraka, sikuwa na muda wa kuzipanga. Sasa kuna kijana mmoja mpole sana, anapiga gitaa, anayetii chochote kilichoandikwa. Alikuwa katikati ya wimbo wa siku ya kuzaliwa, keki iko mezani, wenzake wanacheza. Akatupa jicho kwangu. Akaacha kucheza. Akatangaza kwa huzuni kubwa kwamba mama amefariki.

Wenzake wakadhani mchezo umebadilishwa. Wawili wakaanza kulia, na walilia vizuri kweli, lazima niseme. Mwongozaji alisimamisha mazoezi, akafuata macho ya kijana hadi kwangu. Nilikuwa bado nimeinua karatasi. Nimehamishiwa nyuma ya nguzo.

Masikio alipita akaniambia pole, mzee. Mzee! Nina miaka arobaini na tisa. Nikamwita jina moja baya kimoyomoyo, na jingine kwa sauti ndogo sana. Kutoka upande wa pili wa ukumbi akageuka, akagusa hedifoni, akanipungia mkono.


Jumapili, 9 Machi

Binti ameniita uwani, tukakaa kwenye ngazi ya jikoni. Alikuja na chai, nikajua kuna jambo.

Ameniambia, taratibu, kwamba yeye hasahau. Maneno anayo yote. Shida ni kwamba akifika pale, anajua mimi niko pale kushoto, nimeshaanza kuchezesha midomo. Anaanza kuutazama mdomo wangu, na kila kitu kinamtoka kichwani. Ameniomba, kwa heshima yake yote kama mtoto kwa baba, nimwachie nafasi. Hiki chuo ndicho anachokitaka tangu akiwa na miaka kumi. Akaniambia anaogopa. Hilo alilisema akiangalia kikombe.

Yaani mimi ndiye chanzo cha ugonjwa! Dawa inalaumiwa kwa homa!

Lakini alikuwa na macho yale ya alipokuwa na surua. Sikuweza kubisha. Nimeapa, mama yake akiwa shahidi mlangoni, kwamba Jumamosi sitakaa kwenye kile kiti, wala nyuma ya pazia lolote, wala mstari wa mbele, wala nyuma ya nguzo.

Nimeapa na nitatimiza. Mimi ni mtu wa neno langu. Hizo ni sehemu nne. Ukumbi ni mkubwa.


Jumanne, 11 Machi

Nimempata mshirika. Fundi seremala wetu, aliyejenga chumba cha msichana jukwaani: kitanda, dirisha, na kabati la nguo, refu, milango miwili. Juzi Mwongozaji alisema mbele ya watu kwamba kabati linatikisika kama jino bovu. Fundi hajala vizuri tangu siku hiyo. Nilimkuta anapiga msasa kwa hasira.

Nikamwambia kabati lile ni imara, mtu mzima anaweza kukaa ndani saa mbili lisitoe hata mlio. Akasema hata saa tano! Nikasema watu hawataamini mpaka waone. Akanikazia macho. Nikamkazia macho. Ametoboa matundu matatu ya hewa, upande usioonekana na kamera.

Niweke wazi: sikusudii kumkumbusha. Nakusudia kuwepo tu. Hakuna mdomo wa kuutazama, hakuna kushoto wala kulia. Akikwama, kasauti kadogo kutoka ndani ya nguo, yeye peke yake asikie, mambo yaendelee. Asipokwama, nakaa kimya, nakufa na siri yangu. Nani anaumia hapo?


Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliukalia saa mbili na nusu, haujarudi vizuri.

Niliingia kabatini kabla hawajafungua milango ya ukumbi. Nyumbani niliaga naenda dukani kumalizia kazi ya mteja. Fundi alinifungia, akabisha mara mbili kunitakia heri. Joto! Nguo za humo zilikuwa za mtumba, zinanuka marashi ya watu wasiojuana. Na mbele ya pua yangu lilining'inia dude la manyoya, duara, kama paka aliyejikunja. Nikadhani ni kofia ya mmoja wa vijana. Lilinitekenya, nikalisogeza, likarudi. Tukaishi hivyo.

Watu wakajaa. Mia nne, nasikia. Mchezo ukaanza na nasema wazi, vijana wale waliimba! Sehemu ya kwanza nililia kidogo humo ndani, nikajifuta kwa sketi ya mtu. Hakuna aliyesahau hata neno. Iliniuma kiasi.

Kisha wimbo wa binti yangu. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Kwenye tundu niliona kisigino chake tu. Sauti yake ilipanda ikashika ukumbi mzima, nikawaza, huyu ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu?

Muziki ukakatika. Hapo sasa.

Kimya.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisigino hakisogei. Tano. Mungu wangu, amekwama! Mtoto amekwama, kamera tatu zinamtazama, chuo kinaondoka hivi hivi! Sita. Nikapiga moyo konde. Nikasogeza mdomo karibu na mlango, yaani karibu na lile dude la manyoya, nikanong'ona kwa ulaini wote wa miaka ishirini na moja.

Lile dude halikuwa kofia. Ilikuwa ni maikrofoni ya Masikio. Aliificha kabatini ili idake sauti ya binti kwa karibu.

Spika zote za ukumbi zikanguruma, kwa sauti ya mwanamume wa makamo mwenye mafua: "BABA, MIMI SI MTOTO TENA!"

Mia nne wakaangua kicheko. Kicheko cha kuvunja viti. Nilitamani kabati litikisike, lianguke, linifunike. Halikutikisika. Fundi ni fundi kweli.

Na binti? Alisubiri wanyamaze. Akaimba ubeti wote wa mwisho, sauti inatetemeka lakini haikukatika. Halafu akaja kuchukua koti lake la safari. Siku zote koti hutundikwa ukutani! Leo walilihamishia kabatini kwa sababu ya taa za kamera, na mimi, mkumbushaji aliyeagwa, hakuna aliyenipa taarifa. Akafungua mlango. Tukatazamana. Nikampa koti. Akalipokea, akanifungia mlango taratibu, akaondoka jukwaani.

Koti nilimpa kwa wakati wake, hilo hawawezi kunilaumu.

Nyumbani hakunisalimia. Alilia chumbani, mama yake akaingia akakaa naye, kisha akatoka kuniambia. Binti hakukwama. Tangu Jumatano ile niliyoagwa, hajakwama hata mara moja. Ule ukimya waliupanga yeye na Mwongozaji: anyamaze akimtazama baba asiyeonekana, ahesabu hadi tisa, watu washindwe kupumua, ndipo aseme. Aliugundua mwenyewe. Ndicho kitu bora kuliko vyote alivyowahi kufanya jukwaani, na mimi nimekiua kwenye sita.

Nimeona aibu. Naandika mara moja tu, sitarudia.


Jumapili, 16 Machi

Leo walirekodi bila watu. Nilipigwa marufuku kusogelea ukumbi. Mke wangu aliweka kiti mlangoni, akaketi, akaanza kuchambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Saa tisa simu ikalia. Mwongozaji. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza: nije, haraka. Binti amejaribu mara nne. Kila muziki ukikatika anaisikia sauti yangu kichwani, halafu anacheka, au analia. Ukumbi wanauachia saa kumi na moja kamili, watu wa kamera wana kazi mji mwingine kesho. Na ameniomba mimi. Binti mwenyewe ndiye ameniomba.

Nilifika na ndala za mke wangu miguuni. Sikuona nilichovaa.

Waliniweka kiti kimoja katikati ya ukumbi mtupu. Binti alishuka jukwaani, akachuchumaa mbele yangu, akasema maneno yale yanamhusu baba, basi bora awe na baba wa kumtazama. Kazi yangu ni kukaa. Nisitikise mdomo. Naruhusiwa kupepesa macho tu. Masikio akapita kimya akanipa leso safi, akaniashiria niing'ate.

Akaimba. Muziki ukakatika. Akanitazama.

Moja. Mbili. Sijui kama kuna mtu amewahi kukutazama hivyo, mtu uliyembeba mgongoni. Tano. Sita, na hapo mwili wangu wote ulitaka kusema. Niliing'ata ile leso mpaka fizi zikauma. Saba. Nikaona hanihitaji. Niliona wazi, kama unavyoona mtu ameshavuka barabara na wewe bado umenyoosha mkono. Iliniuma, na nilijivuna, vyote pamoja, sijui vinakaaje sehemu moja. Tisa. Akasema. Polepole, kila neno mahali pake.

Hakuna aliyesema kata. Mwongozaji alikuwa amejifunika uso. Masikio alivua hedifoni, mara ya kwanza kumwona na masikio yake halisi. Ni madogo.

Leso nimeondoka nayo. Imetoboka, hawezi kuitaka.


Jumamosi, 26 Aprili

Barua ya chuo ilikuja wiki mbili zilizopita. Wamemchukua! Wameandika mstari mzima kuhusu ukimya wake. Keshokutwa anaondoka, na amesema ataondoka peke yake, masanduku mawili, hataki kusindikizwa hadi bwenini. Nimekubali. Sikubishana hata kidogo, mke wangu amenigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nyumba itakuwa kimya. Mimi kimya sikipendi, lakini nimekua. Yaliyopita yamenifunza.

Leo filamu imeonyeshwa ukumbini kwa mara ya kwanza. Shuka jeupe kubwa, viti vyote vimejaa. Mke wangu kulia kwangu, binti kushoto. Mbele yetu Mwongozaji, na pembeni yake mwalimu kutoka chuoni, mama mrefu mwenye miwani, amesafiri kuja kumwona mwanafunzi wake mpya. Masikio alikuwa kwenye mashine. Alinisalimia, nikaitikia vizuri kama mtu mwenye malezi.

Sehemu ya kwanza nilitulia tuli. Nikajiambia, mzee, pumzika, kazi imekwisha, picha haiwezi kusahau.

Kisha wimbo wake. Muziki ukakatika. Uso wake ukajaa shuka lote, mkubwa kama ukuta wa nyumba.

Moja. Mbili. Ukumbi haupumui. Nne. Mimi nilikuwepo, najua alimaliza, ni mimi ambaye alikuwa akinitazama! Sita. Saba. Midomo haisogei. Nane. Naapa yule Masikio amekivuta kile kipande, amekirefusha makusudi! Tisa. Si walikubaliana tisa? Kumi! Kumi, jamani, na mtoto bado ananitazama, na keshokutwa anaondoka!

Nikasimama. Nikamkumbusha.

Nililitoa kwa sauti kamili, ukumbi ni mkubwa. Watu wote wakageuka. Mwalimu wa chuo akainua miwani. Mwongozaji akashika kichwa. Mke wangu akanivuta shati upande wa kulia, na wa kushoto akaushika binti. Alikuwa ameteleza hadi chini ya kiti, anacheka au analia, gizani sikuona sawasawa, ila lile shati hakuliachia mpaka taa zilipowashwa.

Wacheke watakavyo. Wanaweza kuniaga tena, wanaweza kunipa saa kumi za ukutani. Lakini mia nne wote waliona kwa macho yao: nilipotoa tu neno la kwanza, akasema. Na hakukosea hata moja.